Ufa wa Nyumba Tisa

Mtu akibandikwa jina la utani na mtaa mzima, hata mama yake mzazi huishia kulitumia. Fundi Ziba alilipata lake kwa jasho. Alikuwa mwashi, na katika nyumba tisa zilizojipanga mstari mmoja ubavuni mwa mlima, hakukuwa na hata moja ambayo mwiko wake haujaigusa. Ukuta ukichanika, anaitwa. Ardhi ya uani ikipasuka, anaitwa. Anakuja na ndoo, anachuchumaa, anasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na kabla mwenye nyumba hajanywa nusu kikombe cha chai, ufa umejazwa, umesawazishwa, umelainishwa, na ukipitisha kiganja hutajua ulikuwa wapi.

Methali yenyewe haina kosa. Kosa ni la watu walioizoea mno, wakawa wanakimbilia kuziba kabla ya kuuliza ufa umetoka wapi.

Kwake mwenyewe ufa ulikuwa nyuma ya jiko, tena si wa ukuta, wa ardhi. Mwaka juzi usingeingiza hata kidole. Akaumwagia changarawe na udongo, akapaka saruji juu, akasahau. Mwaka jana ukarudi. Mwaka huu alikuwa ameuziba mara tatu, na mvua ndiyo kwanza zimechanganya. Hakuona ajabu. Mwashi na nyufa ni kama mama na nguo chafu, leo unafua, kesho zimejaa tena.

Mkewe ndiye aliyeanza kuona ajabu. Yeye alikuwa mshonaji, na mtaa ulimwita Mama Pacha kwa ajili ya binti zake wawili wa miaka minane. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na kutoka pale aliuona mlango wa chumba cha mama mkwe wake. Mlango ule ulikuwa umeanza kugoma. Ukiusukuma unakwama juu, kwenye kona. Fundi aliupiga randa, ukafunga. Baada ya wiki mbili ukakwama tena, akaupiga randa tena. Mara ya tatu Mama Pacha alisimamisha gurudumu la cherehani akatazama yale maranda ya mbao yakianguka sakafuni.

"Mlango huo unakua?" aliuliza.

"Ni unyevu. Mbao hunywa maji."

"Mbona wa kwetu haunywi?"

Fundi alipuliza unga wa mbao kwenye randa yake, akajitia hamnazo.

*

Siku ya Jumanne afisa wa maafa alikuja kufanya mkutano shuleni. Watu walijaa, kwa kuwa ilisemekana kutagawiwa mablanketi. Hayakugawiwa. Kilichogawiwa ni karatasi zenye picha ya mlima uliokatwa ubavu, na wazee wenye magoti mabovu wakalazimika kujikunja kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili wakizitazama.

Afisa alikuwa msichana mwembamba mwenye buti za mpira zilizomzidi. Alizungumza juu ya mvua, juu ya miti iliyokatwa, juu ya ubavu wa mlima unaochoka polepole halafu ukaondoka mara moja. Watu walipiga miayo. Kisha akauliza, "Milango yenu inafunga vipi?"

"Kwa komeo," mtu mmoja akajibu kutoka nyuma, na darasa zima likacheka.

Afisa naye alicheka kidogo, kisha akaendelea. "Mlango uliokuwa unafunga vizuri ukianza kukwama bila sababu. Ufa kwenye ardhi unaorudi kila ukiuziba. Maji yanayotokea mahali yasipokuwa yakitokea. Mti au nguzo iliyoanza kuinama. Hizo ni dalili. Kuna mwenye dalili mbili au zaidi nyumbani kwake?"

Wengine walitazama karatasi, wengine dari. Mama Pacha alihisi mume wake amekaa wima kama anayepigwa picha. Alijua anachotakiwa kufanya mke mwenye adabu. Akaona haya kabla hata hajasema. Kisha akakumbuka ni nani wanaolala chumba kimoja na bibi yao, nyuma ya ule mlango. Mapacha wake. Akanyoosha mkono.

"Kwetu," alisema.

"Kwenu wapi, mama?"

"Nyumba ya tano. Ya Fundi."

Hapo watu waliamka. Mwenye mashine ya kusaga, jirani yao wa nyumba ya sita, ambaye alivaa vumbi la unga mwaka mzima hadi akaitwa Mzee Pumba, aligeuka na dawati lake. "Jamani, kinyozi hajinyoi. Kumbe nyumba ya Fundi Ziba ina ufa. Sisi tumwite nani sasa?"

Walicheka mpaka afisa akagonga ubao kwa chaki. Fundi Ziba alicheka pia, kwa meno tu. Mkewe aliiona shingo yake ikitoa jasho, na alimwonea huruma, lakini mkono hakuujutia.

*

Njiani Fundi alitangulia hatua ishirini. Walipofika nyumbani alivua viatu, akavipanga, akasema bila kugeuka, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Niliulizwa."

"Wameulizwa wote. Mbona wenzako wamenyamaza?"

"Wenzangu hawana mlango uliopigwa randa mara tatu."

Mama yake Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, akichambua maharage. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, ambaye hakuwahi kupaza sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. "Mkwe wangu," alisema, "marehemu mume wangu alianza kwa kununua mlango. Hakuwa na kiwanja, hakuwa na tofali. Akaununua mlango, akautegemeza kwa ukuta wa watu tulipopanga, akaniambia, huu ndio mwanzo wa nyumba. Watu walimcheka. Leo unataka kuniambia mlango ule ni mgonjwa?"

"Mlango si mgonjwa, Mama. Mlima ndio mgonjwa."

"Mlima umekuwapo kabla ya wewe kuolewa hapa."

"Ndiyo, Mama. Na ufa haukuwapo."

Bibi alirudi kwenye maharage yake. Mama Pacha akamgeukia mumewe. "Nipe siku saba. Usiuzibe kwa siku saba tu, niupime. Ukibaki vilevile, nitakwenda mwenyewe kwa Mzee Pumba nimwambie mbele ya wateja wake kwamba nilikosea, na nyumba ya Fundi Ziba haina tatizo."

Fundi aliifikiria picha hiyo. Ilikuwa tamu. "Siku saba," alisema. "Ya nane naleta saruji."

"Umesema?"

"Nimesema."

*

Jumatano asubuhi Mama Pacha alichonga vigingi viwili. Kimoja alikipigilia upande wa nyumba, kimoja upande wa mlima, ufa ukiwa katikati. Kati yao alifunga uzi mwekundu, ule mnene wa kushonea mifuko, akaukaza. Kisha akashika utepe wake wa kupimia nguo.

Kila mteja wake alikuwa na ukurasa kwenye kitabu: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Baada ya ukurasa wa bibi harusi mmoja aliyekuwa akipungua kwa wasiwasi, aliandika kichwa cha habari, *Mlima*, na chini yake, *Jumatano, sentimita arobaini*.

Alhamisi ilikuwa arobaini na nusu. Ijumaa, arobaini na moja. Jumamosi mapacha walikuja mbio na nguo zao zikiwa zimelowa. "Mama, uzi umekatika."

"Mbuzi," alisema Fundi kutoka mezani.

"Mbuzi hakati uzi katikati akaacha ncha zote mbili zimening'inia," mkewe alijibu, akatoka na utepe. Arobaini na mbili na nusu. Alifunga uzi mpya. "Mteja huyu ananenepa," aliwaambia mapacha, nao wakacheka, lakini yeye alilikaza fundo mara mbili.

Jumapili alikwenda kupeleka sare za wateja upande wa pili wa bonde. Aliporudi, jua lilikuwa limetoka kidogo, na nyuma ya jiko palikuwa pasafi. Vigingi havipo. Uzi haupo. Ufa umejazwa, umesawazishwa, umelainishwa, saruji bado inang'aa kwa maji. Fundi alikuwa akiosha mwiko.

"Ulisema siku saba," alisema Mama Pacha.

"Mwalimu Mkuu anakuja kesho. Anataka kuona lipu yangu kabla hajanipa yale madarasa mawili. Kazi ya miezi minne. Unataka aje aone shimo kwenye uwanja wa mtu anayemwomba kazi?"

"Leo ni ya tano."

"Nitakuachia mbili nyingine baadaye."

Mama Pacha hakupiga kelele. Aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani, akashona mkono wa blauzi ndani nje, akaufumua, akaushona tena ndani nje. "Ungenitukana ningeumia kidogo," alimwambia Fundi alipoingia. "Umenidanganya. Hiyo sijui niipime kwa utepe gani." Fundi alitoka tena na ndoo yake. Mvua ilianza tena jioni ile na haikukata hadi asubuhi.

*

Mwalimu Mkuu alifika na mwavuli, mtu mpole, mwenye kupenda kugusa kuta. Aliigusa lipu ya sebuleni, akaisifu. Akaigusa ya ukumbini, akaisifu zaidi. Fundi alianza kurefuka. "Na huku nyuma?" aliuliza Mwalimu Mkuu, na wakatoka.

Saruji ya jana ilikuwa imepasuka. Mstari mmoja, umenyooka, kutoka ua wa jirani huyu hadi ua wa jirani yule, na kidole gumba kingeingia.

"Hii ni kazi ya lini, Fundi?"

"Ya... ya jana."

"Ya jana," Mwalimu Mkuu alirudia taratibu. Alifunga mwavuli, akaufungua. "Sawa. Basi nitakujulisha."

Kila mwashi anajua maana ya nitakujulisha. Mama Pacha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Angeweza kusema maneno mengi, na yote yangekuwa ya kweli. Aliyameza.

Fundi alibaki peke yake mvuani. Kwa kitambo alitazama tu, kama mtu aliyetukanwa na mtoto. Halafu ufundi ukamshika. Alipiga goti. Saruji ikikauka vibaya hupasuka vijistari vidogovidogo vya kila upande. Hilo alilijua tangu alipokuwa akibeba zege. Hii haikukauka vibaya. Hii ilivutwa. Aligusa kingo zake mbili: moja ilikuwa juu, moja chini. Jana alikuwa ameilaza sawasawa kama meza.

"Mama Pacha," aliita. "Niletee pima maji. Na kile kitabu chako."

Aliiweka pima maji juu ya ufa, ng'ambo hadi ng'ambo. Kile kitone cha hewa kikakimbilia upande wa mlima na kukataa kurudi katikati. Akaweka kipande cha tofali upande wa nyumba kuinua, kitone bado. Akaongeza kipande kingine. Ndipo kikatulia.

"Vidole viwili," alisema. "Upande wa nyumba umeshuka vidole viwili tangu jana. Soma ulivyoandika."

Alisoma. Arobaini, arobaini na nusu, arobaini na moja, arobaini na mbili na nusu. Mvua iliangukia kurasa, wino ukaanza kutambaa.

"Mimi nilidhani ni ufa unaofunguka," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe ni sisi tunaoondoka."

Mkewe alichuchumaa karibu naye. Fundi aliutazama ule mstari ukiingia chini ya ua wa miti upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, na mkewe akaona rangi ikimtoka usoni.

"Nini?"

"Kwa Mzee Pumba uko nyuma ya ghala. Kwa mwenye duka uko nyuma ya choo. Nyumba ya kwanza uko kwenye banda la kuku." Alihesabu kwa vidole, vikamwishia vya mkono mmoja. "Kila mmoja ana ua wake, kila mmoja aliniita kwa wakati wake, kila mmoja akadhani ana ufa wake. Ni ufa mmoja, Mama Pacha. Miaka mitatu nimekuwa nikiuziba ufa mmoja."

*

Bibi hakutaka kutoka. "Nikalale darasani kama mtoro aliyefungiwa? Na watu wanatazama?"

"Shule iko ng'ambo ya barabara, Mama, juu ya mwamba. Nilichimba msingi wake mimi, tulivunja sururu tatu. Ile haiendi popote."

"Nami siendi popote. Nitakufa kwenye nyumba ya mume wangu."

"Bibi, na sisi?" aliuliza pacha mmoja. Yule mwenzake alikuwa tayari amebeba godoro kichwani, anaonekana miguu tu.

Bibi alijifungia, au alijaribu. Mlango ulikwama kwenye kona, ukabaki wazi kiasi cha kuonyesha nusu ya kitanda na nusu ya uso wake. Fundi alileta bisibisi. Akaanza kufungua bawaba.

"Unafanya nini na mlango wangu?"

"Nauchukua. Nimeupiga randa mara tatu nikidhani una kosa. Ulikuwa unaniambia kitu, nikaukata ulimi." Skrubu ya mwisho ilitoka. Aliuinua mlango akaulaza kichwani juu ya kata ya matambara. "Baba alisema huu ndio mwanzo wa nyumba. Basi nauondoa ukiwa mzima. Anayetaka kuufuata aufuate."

Akatoka nao. Bibi alikaa kwenye chumba kisicho na mlango, akitazamwa na sebule nzima. Alivumilia kwa muda wa kufunga kilemba. Kisha alichukua picha ya marehemu ukutani, akaifunika kwa kanga, na akatoka kwa mwendo wake mwenyewe, bila kushikwa mkono. Mama Pacha alimfuata na cherehani na zana za mumewe kwenye toroli.

Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo kila mtu yuko barazani. Haijawahi kutokea mwashi apite mtaani na mlango wa nyumba yake kichwani.

"Fundi, unahama?" aliuliza mwenye duka.

"Nahama. Nawe uhame. Ufa wa nyuma ya choo chako ndio huohuo ulio nyuma ya jiko langu."

"Si uliuziba?"

"Niliuficha. Niliuficha kwako, nikauficha kwangu. Nenda ukautazame sasa hivi, halafu toa watoto."

Alisema hivyo nyumba kwa nyumba, mlango ukiwa bado kichwani, kwa kuwa aligundua watu wanaamini zaidi mtu aliyebeba mlango. Wengine walimtukana. Mjane wa nyumba ya kwanza alimwambia, "Nilikupa fedha ya dawa ya mwanangu uje unifichie kaburi?" Fundi alisimama akalipokea lote, kisha akasema, "Ndiyo, mama. Sasa toka." Mama Pacha, nyuma yake, alikuwa akiingia nyua za watu na utepe, akipima, akiwaonyesha wanawake wenzake namba. Zile namba zilifanya kazi ambayo ile karatasi ya mlima uliokatwa ubavu haikuifanya. Kufikia alasiri nyumba nane zilikuwa zikitoa vyombo nje.

Iliyobaki ilikuwa ya Mzee Pumba.

*

"Wewe mwenyewe," Mzee Pumba alisema, akiwa amesimama mlangoni pa kinu chake mikono kiunoni, "wewe mwenyewe ulisimama hapo mwezi uliopita, ukaniambia, mzee, huu hautafunguka tena hata punda acheze ngoma juu yake. Nilicheka mpaka nikakuongezea. Umesema, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi nakuamini. Kazi yako ni nzuri. Njoo uone."

Akampeleka nyuma ya ghala. Ilikuwa kweli. Pale Fundi alikuwa ameweka nondo na zege nene, kwa sababu Mzee Pumba alilipa vizuri, na juu yake palikuwa panateleza kama sahani. Hapakuonekana hata kijistari. Kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya mtaani.

"Nina mashine ya kusaga humu," alisema Mzee Pumba, na sasa hakuwa akitania. "Nina miaka sitini na minane. Nikiiacha ikaibwa, nitaanza tena na nini? Nikuulize wewe, nianze na nini?"

Fundi aliuegemeza mlango ukutani, akaenda kwenye toroli, akarudi na nyundo na tindo.

"Usivunje, Fundi. Nimelipia hiyo."

"Nitakurudishia."

Alipiga. Zege lake lilikuwa gumu, likamrushia vipande usoni. Kila pigo lilimrudia mabegani, na kila pigo lilimuuma mahali pengine pia, kwa sababu hakuna fundi anayefurahi kuvunja kazi yake nzuri. Watu walikusanyika kwenye ua. Bibi naye alisimama pale na picha yake chini ya kanga. Pigo la ishirini na kitu, tindo likatumbukia, likampotea mkononi. Hawakulisikia likigonga chini.

Fundi alilala kifudifudi akaingiza mkono kwenye tundu. Kiwiko kikaingia. Bega likaingia. Shavu lake lilikuwa limelala kwenye zege laini aliloling'arisha kwa mikono yake.

"Natafuta chini," alisema. "Mzee wangu, sipati chini."

Alipoutoa mkono ulikuwa na tope hadi kwapani, na maji ya baridi yalikuwa yakichuruzika. Mzee Pumba aliutazama ule mkono. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona akikimbia.

"Mota kwanza," alipaza sauti kutoka ndani ya kinu. "Nani ana spana ya kumi na saba?"

Watu sita walikuwa nayo.

*

Mlima uliondoka kesho yake, saa nne asubuhi, watoto wakiwa kwenye hesabu. Hakukuwa na kishindo kikubwa mwanzoni. Mama Pacha alikuwa barazani mwa darasa akitafuta mahali pa kuweka cherehani, akaona bati la nyumba ya kwanza linatikisika kama kifuniko cha sufuria. Kisha mstari mzima wa nyumba, pamoja na ua, migomba na nguzo za umeme, ukashuka bila haraka, ukiwa bado umesimama, na ndipo ukajikunja na kumezwa. Sauti ilikuja mwisho. Vumbi halikuwapo, tope tu, na harufu ya udongo uliokuwa haujaona jua tangu dunia iumbwe.

Watu hawakulia mara moja. Walihesabiana kwanza. Afisa mwenye buti kubwa alifika saa saba na daftari, akaita nyumba moja moja, na kila nyumba ikajibu. Watu arobaini na watatu. Akarudia, kwa sababu hakuamini. Arobaini na watatu. Alifunga daftari, akajifuta macho kwa mkono wa koti la mvua, akajifanya anakohoa. Ndipo mjane wa nyumba ya kwanza alipokaa chini akaanza kulia, na wengine wakamfuata, kwa sababu kupona si kitu chepesi unapotazama mahali ulipopikia chai jana na hapapo.

"Nyumba ya mume wangu imekwenda," Bibi alisema.

"Ndiyo, Mama," alisema Mama Pacha.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Uko ndani."

"Msiuache mvuani. Mbao hunywa maji."

Waliulaza juu ya madawati manne. Ulikuwa mpana, sawasawa, wa mbao nzito za zamani, na kwa kuwa Mama Pacha hakuwa na meza, Bibi mwenyewe alimwambia akatie vitambaa juu yake. Juma lile watu wengi walihitaji nguo.

Siku ya kumi alikuja mtu kutoka upande wa pili wa bonde, amevaa kofia, mwenye haraka. Alimkuta Fundi akipanga matofali ya choo cha muda, akamwuliza kama ndiye yule anayeitwa Fundi Ziba. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ufa mdogo, alisema, kitu cha nusu saa tu, na alikuwa na saruji yake mwenyewe.

Fundi alinawa mikono. Aliingia darasani. Mama Pacha, pini mdomoni, hakuhitaji kuelezwa. Alivuta saraka ya cherehani akampa kibonge cha uzi mwekundu, akavua utepe shingoni mwake akampa na huo.

"Andika tarehe," alisema, akitoa pini. "Usiandike kichwani, andika kwenye karatasi."

Walivuka daraja la miguu, wakapanda. Ufa ulikuwa mdogo kweli, kidole kisingeingia. Mwenye nyumba alikuwa ameshachanganya mchanga. Fundi alichuchumaa muda mrefu. Akapigilia kigingi upande wa nyumba, akapigilia kingine upande wa mlima, akafunga uzi, akaukaza, akapima, akaandika. Kisha akasimama kuondoka.

"Na ufa je?" mwenye nyumba aliuliza. "Huuzibi?"

"Uache wazi," alisema Fundi. "Nitarudi kesho kuupima."